Blogu ya bustani na kuku hapa Lubumbashi: nianzie wapi, na wasomaji nitawapata wapi?

bustani_katuba aliuliza:

Jambo kwenu wote, bayaya na ndugu zangu. Nataka kufungua blogu ya Kiswahili juu ya bustani za nyumbani na ufugaji wa kuku hapa Lubumbashi: lengalenga, matembele, vifaranga, provende (chakula cha kuku cha dukani), bei za sokoni. Nina simu ya Android na kompyuta ndogo ya zamani. Fedha ni dola 20 kwa mwaka, si zaidi.

Nichague Blogger au WordPress? Domeni (jina langu mwenyewe la anwani, kama jinalangu.com) ninunue sasa au nisubiri? Niandike Kiswahili sanifu, Kiswahili chetu cha hapa, au Kifaransa? Na linalonisumbua zaidi: watu wote wako WhatsApp na Facebook. Nitawatoaje huko waje kusoma, na wakisha kuja warudi tena? Naomba majibu yenye hatua. "Jitahidi tu" nimeshaisikia.

---

fundi_kamalondo alijibu:

Kwa dola 20 hakuna haja ya kuhangaika: Blogger, na juu yake domeni ya .com. Blogger ni mali ya Google tangu 2003, haidai malipo ya hifadhi, na haianguki siku watu 500 wanafungua kiungo kimoja kwa wakati mmoja. WordPress ina uwezo mkubwa zaidi, sikatai, lakini ile ya kusimamisha mwenyewe inataka hosti (mahali pa kuhifadhi tovuti) ya kulipia kila mwaka, tena inataka usasishe themu na programu jalizi kila mara. Ukiiacha miezi michache, wadukuzi wanaingia kupitia jalizi iliyochakaa na kukujazia kurasa za kamari. Ile ya bure ya WordPress.com inaweka matangazo yake juu ya maandishi yako.

Domeni nunua sasa. Bei ya .com kwa kawaida ni kati ya dola 10 na 15 kwa mwaka, lakini soma bei ya mwaka wa pili kabla ya kulipa, kwa sababu wauzaji wengi hushusha mwaka wa kwanza tu. Utahitaji kadi ya Visa, hata ya kulipia kabla. Na domeni iandikishwe kwa barua pepe yako wewe, siyo ya fundi anayekusaidia. Fundi akihama mji au mkigombana, jina linaondoka naye na huna pa kulalamika.

Kuhusu jina lenyewe, lipime kwa sikio. Hapa kwetu watu wengi wamejifunza kuandika kwa Kifaransa, kwa hiyo akisikia "bustani" redioni anaweza kuandika "boustani", na "shamba" ikawa "chamba". Tafuta neno lisilo na u, sh wala ch, bila kistari katikati. "Lengalenga" au "mboga" kila mtu ataliandika namna moja.

Kuunganisha: ndani ya Blogger fungua mipangilio, sehemu ya uchapishaji, andika www.jinalako.com kama domeni yako. Itakataa na kukuonyesha rekodi mbili za CNAME, yaani mistari inayoelekeza jina lako kwenye blogu. Ya kwanza, jina lake ni www na inaelekea ghs.google.com. Ya pili ni ndefu, ni ya blogu yako peke yako, uinakili herufi kwa herufi. Zipeleke kwenye ukurasa wa DNS (mipangilio ya domeni) wa aliyekuuzia domeni. Ongeza na rekodi nne za A za anwani isiyo na www: 216.239.32.21, 216.239.34.21, 216.239.36.21 na 216.239.38.21. Kisha rudi Blogger, hifadhi, washa uelekezaji wa anwani isiyo na www, halafu HTTPS.

Panapoharibika ni pawili. Muuzaji huwa ameshaweka rekodi yake ya www inayoonyesha ukurasa wa "domeni hii imeuzwa", usipoifuta, zinagongana. Pili, kuna wauzaji ambao mfumo wao huongeza domeni wenyewe, kwa hiyo ukiandika www.jinalako.com kwenye sehemu ya jina unapata www.jinalako.com.jinalako.com. Andika www tu. Baada ya hapo subiri. Mabadiliko ya DNS yanaweza kuchukua hadi saa 48, na kuyagusagusa kila baada ya dakika kumi kunakurudisha nyuma.

Usisahau saa ya blogu. Mara nyingi huja ikiwa imewekwa saa ya Kalifornia. Ukipanga makala itoke saa kumi na mbili asubuhi, inatoka saa tisa au saa kumi alasiri. Chagua GMT+02:00, Lubumbashi imo kwenye orodha.

---

vifaranga_ruashi alijibu:

Yaya fundi amemaliza upande wa mitambo. Mimi naongea juu ya kitakachoandikwa, maana huko ndiko blogu nyingi za kilimo zinakofia.

Zinakufa kwa makala kama "Faida kumi za kufuga kuku". Hizo zipo kwa mamia kutoka Tanzania na Kenya (nchi ya Kenya, siyo commune yetu ya Lubumbashi yenye jina hilo), zimeandikwa vizuri, na huwezi kuzishinda. Wasichoweza kukuandikia wao ni Lubumbashi: baridi ya Juni na Julai, mvua ya Novemba, bei ya provende ya wiki hii, udongo wa mtaa wa Penga Penga.

Chukua mfano mmoja. Kichwa: "Vifaranga katika baridi ya Juni Lubumbashi: joto kiasi gani?" Ndani, sentensi ya kwanza itoe jibu: wiki ya kwanza digrii 32 hadi 35 kwenye usawa wa mgongo wa kifaranga, kisha punguza kama digrii 3 kila wiki mpaka manyoya yatoke. Halafu ueleze kwa nini hapa ni kazi: usiku wa Juni na Julai unashuka chini ya digrii 10. Halafu onyesha jinsi ya kusoma vifaranga bila kipimajoto. Vikijikusanya chini ya joto na kulia, vina baridi. Vikikimbilia ukutani na kufungua midomo, vimezidiwa na joto. Vikitawanyika na kula, hapo ndipo. Na onyo juu ya mbabula (jiko la makaa): makaa ndani ya chumba kilichofungwa pande zote yanatoa hewa ya sumu inayoua vifaranga na mtu anayelala humo, kwa hiyo sehemu ya juu ya ukuta iachwe wazi. Picha tatu zinatosha, moja kwa kila hali ya vifaranga. Makala ya namna hiyo mtu anaihifadhi na kuituma kwa dada yake wa Likasi.

Pia kuna mambo yamefungiwa kwenye Kifaransa cha chuo. Moshi wa kiwanda cha shaba kilichoanza kuyeyusha 1911 uliacha metali nzito kwenye udongo wa upande ule upepo ulikoupeleka, na watafiti wa kilimo wa UNILU (Chuo Kikuu cha Lubumbashi) wameandika mengi juu yake. Mama anayelima Penga Penga hasomi makala za namna hiyo. Mwelezee kwa Kiswahili: ni mitaa gani, kwa nini majani yanaoshwa vizuri kuondoa vumbi, kwa nini kitanda kilichoinuliwa chenye udongo wa kuletwa ni salama kuliko ardhi yenyewe. Taja utafiti unaoutegemea. Hiyo peke yake ni sababu tosha ya blogu kuwepo.

Sasa kalenda, na hapa naomba usikie vizuri. Google haikuoni siku ile ile. Blogu mpya inaweza kukaa wiki kadhaa kabla makala haijapanda, kwa hiyo unaandika kabla ya msimu, siyo ndani yake. Makala ya baridi itoke katikati ya Aprili. Mahindi hupandwa mvua ikishika, Novemba, basi makala yako iwe tayari Septemba. Kuku wa nyama wanachukua wiki 6 hadi 7. Anayetaka kuuza Noeli anaweka vifaranga mwanzoni mwa Novemba, na anaanza kuulizauliza Oktoba. Ukiandika juu ya kuku wa Noeli tarehe 10 Desemba umemwandikia mtu ambaye hawezi kufanya lolote tena.

Usitangaze popote kabla hujawa na makala sita zilizokamilika, zinazoelekezana: ya vifaranga iunganishwe na ya provende, ya provende na ya bei. Mtu akifika akakuta makala moja na "karibuni kwenye blogu yangu", hana sababu ya kurudi. Baada ya hapo moja kila wiki, au kila siku kumi ukiwa na kazi nyingine, lakini usibadilishe mwendo.

---

mega_chache alijibu:

Mimi ni mtu wa hesabu za mega, yaani data ya intaneti. Picha moja ya simu ya kawaida ina MB 3 hadi 5. Weka sita ndani ya makala bila kuzipunguza, msomaji anaweza kutumia MB 24 kusoma ukurasa mmoja. Mwenye forfe (kifurushi cha intaneti) ya MB 100 anasoma makala nne, forfe imekwisha, na hatarudi kwako.

Punguza kila picha kabla ya kupandisha: upana pikseli 1200, JPEG ubora 70 hadi 75. Itabaki kati ya KB 100 na 200, na kwenye skrini ya simu jicho halioni tofauti. Squoosh inafanya kazi hiyo ndani ya kivinjari, bure. Kama picha zimeshapanda kubwa, fungua makala kwa upande wa HTML, tafuta anwani ya picha ndani ya src, na ukiona s1600 au s4000 andika s800. Ile iliyo ndani ya href iache. Inafunguka tu mtu akibofya picha.

Themu chukua ile nyepesi ya Blogger yenyewe. Za bure kutoka tovuti usizozijua mara nyingi zinaficha viungo vya watu wengine chini ya ukurasa, na ukijaribu kuvifuta blogu inajielekeza kwao.

Usiandike makala kwenye Word kisha ukabandika. Inakuja na uchafu wote wa fonti na rangi, ukurasa unanenepa na maandishi yanatoka makubwa huku, madogo kule. Andika kwenye programu ya maandishi matupu ya simu, maana umeme ukikatika rasimu inabaki, kisha kwenye kompyuta bandika kwa Ctrl+Shift+V.

Sasa WhatsApp. Jambo ambalo wengi hawalijui: mwenye forfe ya mitandao ya kijamii tu hawezi kufungua kiungo chako. Anabofya, ukurasa mweupe, anasema blogu imekufa. Kwa hiyo usitume kiungo kitupu kamwe. Tuma jibu lenyewe kwa mistari mitatu, kisha kiungo kwa anayetaka zaidi. Hivi:

"Vifaranga wiki ya kwanza: digrii 32–35. Vikijikusanya na kulia, ongeza joto. Usifunge chumba chote ukitumia makaa. Picha na wiki zinazofuata ziko hapa:"

Asiye na mega amepata kitu, na jina lako amelikumbuka. Siku akinunua mega atakuja.

Kabla ya kutuma, subiri sekunde chache mpaka kisanduku cha picha na kichwa kitokee juu ya maandishi, kwa sababu kinatengenezwa na simu ya anayetuma. Picha ya kwanza ya makala ikiwa nzito, kisanduku kinakuja bila picha. Ifanye 1200 kwa 630 na isipite KB 300.

---

bustani_katuba aliandika:

Asanteni sana, nimenakili yote. Basi kwenye WhatsApp nifungue grupu, kanali (chaneli), au nitumie ile orodha ya kutuma kwa watu wengi? Na swali la lugha bado.

---

mega_chache alijibu:

Kanali kwa kutangaza: wafuasi hawaonani namba zao, na wamama wengi wanalipenda hilo. Orodha ya kutuma kwa wengi inaishia watu 256, na ujumbe unamfikia tu aliyehifadhi namba yako. Wengine hawapati na wewe hujui. Grupu fungua baadaye, ukishakuwa na wasomaji wanaouliza maswali, na weka sheria ya kutochapa siasa wala biashara nyingine. Grupu la watu 40 wanaofuga kweli litakupa mada za mwaka mzima.

Kwenye magrupu ya wengine (ya parokia, ya avenue, ya wafugaji) usiingie na kiungo. Jibu swali la mtu kwanza, kwa ukamilifu. Kiungo kije kama nyongeza, na baada ya kumwomba admin.

---

lugha_ya_soko alijibu:

Juu ya lugha: sarufi sanifu, majina ya soko. Ukiandika "miye", "eko", "kuko" kila mstari, msomaji wa Katuba atacheka kwa furaha, lakini wa Bukavu na Kalemie atachoka, na wa Kigoma ataondoka. Ukiandika "chakula cha kuanzia cha vifaranga", hakuna atakayekuelewa dukani, maana kwenye mfuko imeandikwa démarrage. Andika basi: "Wiki nne za kwanza wape provende ya démarrage." Sentensi ni ya Kiswahili, na bidhaa inaitwa kama inavyoitwa.

Maneno hayo ya Kifaransa yaingie pia kwenye vichwa, kwa sababu ndiyo watu wanayoandika kwenye Google: provende, poussins, amarante, prix. Fungua Google kwa simu, andika "provende Lubumbashi" na uangalie inakupendekezea nini chini yake. Hayo ni maswali ya watu halisi. Kichwa kisizidi herufi 60 hivi, vinginevyo Google inakikata, na neno Lubumbashi liwe mwanzoni au katikati, siyo mwisho.

---

fundi_kamalondo alijibu:

Hapo nakubaliana nusu. Makala mbili tatu zinazotafutwa zaidi, ningeziandika pia kwa Kifaransa, kila moja kwenye ukurasa wake, zikielekezana. Kuchanganya lugha mbili ndani ya ukurasa mmoja, aya kwa aya, kunamchosha msomaji na kunaichanganya Google.

Na usiache Search Console, chombo cha bure cha Google kinachoonyesha blogu yako inavyotafutwa. Ingia kwa akaunti ile ile ya Google, ongeza domeni, kwenye sehemu ya ramani ya tovuti andika https://www.jinalako.com/sitemap.xml na utume. Kila unapochapisha, bandika anwani ya makala juu na uombe ikaguliwe. Ukiona "imegunduliwa, bado haijaorodheshwa", usiifute makala. Iunganishe kutoka makala zako nyingine na usubiri. Hesabu za Blogger zenyewe usizifurahie sana, zinachanganya roboti na wewe mwenyewe. Search Console ndiyo inakuonyesha maneno ambayo mtu aliandika kabla ya kukufikia. Ukiona watu wanafika kwa "kuku kuhara damu" na wewe hujaandika makala hiyo, umeshajua kazi ya wiki ijayo.

Mwisho, usalama. Washa uthibitishaji wa hatua mbili kwenye akaunti yako ya Google na uchapishe zile namba 10 za akiba kwenye karatasi. SIM ikipotea ndizo zitakazokurudisha ndani. Kila mwezi pakua nakala ya blogu, lakini usitegemee kwamba picha zimo ndani ya ile faili. Picha zihifadhi mwenyewe.

---

vifaranga_ruashi alijibu:

Hajauliza fedha lakini ataziuliza. AdSense (matangazo ya Google yanayokulipa) inakubali Kiswahili, ila usiijengee matumaini mwaka wa kwanza. Ukifikisha dola 10 wanatuma barua ya karatasi yenye PIN kwa posta, na malipo hayatoki kabla ya dola 100. Mtaani kwetu barua haifiki mlangoni, kwa hiyo toa B.P. (sanduku la posta) ya ofisi au parokia iliyokuruhusu. Isipoonekana ndani ya miezi minne, matangazo yanasimamishwa. Ukiomba PIN tena na tena bila kuipata, wanakuruhusu kutuma kitambulisho. Jina la akaunti lifanane na la kitambulisho na la benki.

Kinacholipa mapema ni duka la mbegu au la provende la hapa hapa, linalolipia nafasi ya mwezi kwa mobile money. Andika wazi kwamba ni tangazo. Na usimtaje muuzaji kwa jina kwamba provende yake ni mbovu bila ushahidi mkononi: Code du numérique, sheria ya Kongo ya mambo ya mtandao ya 13 Machi 2023, inaadhibu anayeanzisha na anayesambaza habari ya uongo juu ya mtu.

---

bustani_katuba aliandika:

Swali moja limebaki. Bei za sokoni: niandike makala mpya kila wiki, au nibadilishe ile ile?

---

lugha_ya_soko alijibu:

Ukurasa mmoja, anwani moja, daima. Kabla ya kuchapisha, chagua mwenyewe maneno ya kiungo, kwa mfano bei-sokoni-lubumbashi, bila mwaka ndani yake, maana ukishachapisha hayabadiliki bila kuvunja viungo vilivyokwisha kusambaa. Kila Jumatatu unabadilisha namba. Juu kabisa tarehe na soko ulilopita. Unga andika kwa meka (kipimo kidogo cha sokoni) na kwa mfuko wa kilo 25, kwa sababu anayenunua meka na anayenunua mfuko si mtu mmoja. Andika franka, na pembeni kiwango cha dola cha siku hiyo, vinginevyo mwezi ujao hutajua kama unga umepanda au franka imeshuka. Bei za zamani usizifute. Zisukume chini kwenye jedwali, baada ya mwaka utakuwa na kitu ambacho wafanyabiashara wenyewe watakuja kukisoma.

Wiki ambayo hukufika sokoni, usibandike tarehe mpya juu ya bei za zamani. Acha tarehe ya mwisho ionekane ilivyo, na uandike chini yake siku utakayopita tena.